Dang'a ya Mwanaidi

Usiku ule nililala na shati la kazini, vumbi la sponji likiwa bado limenasa kwenye nywele. Mtoto alikuwa amelia tangu adhuhuri, na alipotulia, kila mtu alijilaza pale pale alipokuwa. Mama mkwe wangu, Bi Kidawa, alikuwa chumbani na mjukuu wake. Mimi nilijinyoosha sebuleni, kwenye kochi nililolitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe mwaka niliooa. Sikuwa nimeomba kuota. Tangu tumzike Mwanaidi sikuwa nimemwona usingizini hata mara moja, na moyoni nilishaanza kuhisi kwamba amenisusa.

Kabla sijaeleza alivyokuja, sharti niseme alikuwa nani.

Mke wangu Mwanaidi alifanya kazi maabara, hapa hapa Morogoro. Haikuwa ile maabara unayokwenda kupimwa malaria. Wao walikuwa watu wa utafiti, na yeye alipewa upande wa majimaji ya mwili: mate, machozi, maziwa ya mama. Mtaani kwetu walimwita Bi Mate. Jina lile lingemkera mwanamke mwingine, lakini yeye aliliitikia kama anaitwa kwa jina la ukoo wake.

Mimi ni fundi wa makochi. Nilipomposa sikuelewa kazi yake, na sikuona haya kumwambia. Alicheka, akasema hata yeye haelewi namna sponji inavyokaa bila kuhama. Basi tukawa tunafundishana jioni jioni, mimi nikimwonyesha mishono, yeye akinieleza mambo ya mate.

Nakumbuka alivyoanza kukusanya mate kwa akina mama wa mtaa wetu. Walikataa, na walikuwa na sababu. Kwetu mtu hampi mtu mate yake hivi hivi. Mate yako yakiingia mikono mibaya, yanaweza kupelekwa kwa mganga na wewe ukabaki unaumwa usijue kinachokuuma. Wenzake wa maabara walitaka aende mtaa mwingine, kwa watu wasiomfahamu. Mwanaidi hakwenda. Alikaa kwenye mkeka wa bibi mmoja aliyekuwa mbishi kuliko wote, akatoa kichupa, akainamisha kichwa, akaacha mate yake yeye mwenyewe yadondoke humo mbele ya watu. Akafunga kizibo, akaandika jina lake, halafu akamkabidhi yule bibi kile kichupa akae nacho. Akamwambia, "Yangu haya hapa. Ukiumwa kwa sababu yangu, unajua la kuyafanya."

Yule bibi alikishika kichupa kile kwa muda. Kisha akaomba cha kwake.

Ndivyo alivyokuwa. Hakumshawishi mtu kwa maneno ikiwa angeweza kutangulia yeye. Alipohitaji machozi alileta nyumbani kikapu cha vitunguu, tukakaa jikoni mimi na yeye tukimenya na kukata, na kila nilipoanza kutokwa machozi alinisogelea na kichupa chini ya jicho, mzito wa uso kama daktari wa upasuaji. Wiki ile tulikula vitunguu kwa kila kitu. Hata uji, kidogo utiwe.

Nilimuuliza anatafuta nini humo. Akanichukua siku moja mpaka kazini kwake nikaone. Akanitoboa kidole, akasubiri ile damu yangu ijitenge, akachukua yale maji yake ya juu. Mimi ni wa kundi A. Kwenye kigae cheupe aliweka tone la damu ya mtu wa kundi B, akaliongezea tone la yale maji yangu, akakitikisa kigae polepole. Ile damu, iliyokuwa laini kama rangi ya kupaka, ikaanza kushikana vipande vipande mbele ya macho yangu, kama maziwa yanavyokatika.

Akaniuliza kama nimewahi kuongezewa damu. Nikasema sijawahi.

"Basi damu hii hujawahi kukutana nayo," akasema. "Nani aliyekufundisha kuikataa?"

Alitaka nilishangae lile jambo kwanza kabla halijaelezwa. Halafu akanieleza. Kwamba kinachotofautisha damu ya A na ya B ni sukari, si hii ya chai, bali sukari ndogo sana zinazovishwa juu ya chembe za damu kama kitambaa juu ya kochi. Vijidudu vya magonjwa navyo huvaa joho la sukari za namna hiyo. Na ndani yetu mna kingamwili, askari wadogo wa mwili, ambazo huzitambua sukari hizo na kuzishika, ingawa hatujaugua magonjwa hayo wala kuchanjwa. Wataalamu wanadhani mwili hujifunza kwa vile vijidudu visivyo na ubaya vinavyokaa tumboni mwetu tangu uchanga. Mengine, alisema, hawajayajua bado, na kutoyajua huko kulimfurahisha kuliko yale aliyoyajua.

Yeye hakuzitafuta kingamwili hizo kwenye damu, maana huko wengine walishatafuta. Alizitafuta pale mwili unapokutana na dunia: mdomoni, jichoni, kwenye chuchu ya mama. Alizikuta. Alikuwa akirudi jioni na kusema, kwa sauti ile ile watu wanayotumia kusema mvua imenyesha, kwamba leo tena amezikuta. Kwa yule bibi mbishi alizikuta. Kwa mwenye duka la mkaa alizikuta. Na maziwa ya akina mama ndiyo yaliyomshangaza kuliko yote, hasa dang'a, yale maziwa ya kwanza, mazito, ya manjano, ambayo bado wapo wanaoyakamua na kuyamwaga wakidhani ni machafu. "Kila mama niliyempima anazo," aliniambia. "Kwa huyu zaidi, kwa huyu pungufu. Lakini anazo."

Nilimpenda kwa mengi, ila nilimheshimu kwa hilo: alikuwa akiwatazama watu wa mtaa wetu, waliochoka na waliofubaa, na kila mmoja alimwona amebeba kitu cha thamani mdomoni mwake bila kujua.

Kisha akapata ujauzito, na presha ikampanda. Mtoto ilibidi atolewe kabla ya wakati wake. Alikuwa msichana, mdogo kiasi kwamba niliogopa kumgusa kwa mikono yangu ya misumari. Mwanaidi hakuweza kuketi. Alimwomba muuguzi amsaidie kukamua, na muuguzi akamkamua akiwa amelala ubavu, polepole, mpaka chini ya kikombe kidogo kukawa na dang'a isiyozidi kijiko. Aliitazama ile rangi ya manjano, akasema wampe mtoto yote, wasibakize hata kidogo kwa ajili ya kupimwa. Wauguzi wakacheka, maana walimjua. Hilo ndilo jambo la mwisho nililomsikia akilisema akiwa na nguvu zake. Presha haikushuka. Tulimzika kesho yake baada ya sala ya alasiri.

Mtoto tulimwita Rehema.

Alipopata uzito wa kutosha tukaruhusiwa kumleta nyumbani, na Bi Kidawa akahamia kwangu kumlea. Tulimpa maziwa ya kopo. Tulichemsha maji, tulichemsha kikombe, Bi Kidawa alinawa mikono mpaka ngozi ikamkauka. Bado mtoto akaanza kuhara. Tukampeleka hospitali, akapewa dawa na maji ya chumvi na sukari, akapata nafuu, akahara tena. Daktari aliyemwona mara ya pili alizungumza nami kwa upole. Alisema watoto wengi hukua kwa maziwa ya kopo wakawa na afya njema, lakini huyu alizaliwa kabla ya wakati, tumbo lake changa halina ulinzi. Kama yupo mama anayenyonyesha, aliyepimwa akaonekana salama, basi ingekuwa heri amnyonyeshe.

Mama huyo alikuwepo. Ukuta mmoja tu ulitutenganisha naye.

Jirani yetu Tatu alikuwa na mtoto wa kiume, Idi, mwenye miezi michache, mnene wa mashavu. Habari zilipomfikia kupitia Bi Kidawa, yeye mwenyewe, bila kuombwa, alikwenda kupimwa akarudi na majibu mazuri. Mumewe, Baba Idi, alikuja kunieleza yeye mwenyewe, ili nisione taabu. Alisema wameshamuuliza shehe wa msikiti wetu, naye amesema hakuna ubaya wowote, ila tukumbuke kwamba watoto hawa watakuwa ndugu wa kunyonya, wasije wakaoana. "Basi watakuwa ndugu, jirani," alisema Baba Idi. "Kwani sasa ni maadui?"

Nilimshukuru. Nikamwambia nitafikiria. Naye alielewa kwamba nimekataa, akaniaga kwa adabu.

Bi Kidawa hakunielewa, na sikuweza kumweleza. Ni jambo ambalo hata mimi lilinitatiza kulitamka. Mwanaidi tulishamkabidhi kwa udongo, nguo zake tuligawa, harufu yake ilikuwa inapotea kwenye mto siku hadi siku. Kitu kimoja tu chake kilibaki duniani kikiwa bado kinafanya kazi, nacho ni kile kijiko cha dang'a kilichoingia tumboni mwa mtoto. Nilikuwa nikimwangalia Rehema amelala na kujiambia kwamba askari wa Mwanaidi wamo humo ndani, wanalinda. Nilihisi maziwa ya mwanamke mwingine yakiingia yatamfuta. Na aliyefutika mara ya pili, utamzika wapi?

Kwa hiyo tuliendelea na kopo, na siku ile niliyoanza kuisimulia, mtoto alilia tangu adhuhuri. Jioni kilio chake kilipungua sauti, na Bi Kidawa alinitazama kwa namna ambayo sitaisahau. Hakunilaumu. Alisema tu kwamba alfajiri tumrudishe hospitali, kisha akaingia naye chumbani.

Nikalala. Na Mwanaidi akaja.

Nilikuwa kwenye kibanda changu cha kazi, mchana wa jua kali, nikishona kochi refu ambalo sikulijua ni la nani. Kila nilipofika mwisho wa mshono, kitambaa kilikuwa kimeongezeka. Sikushangaa. Niliona tu kwamba kazi ni nyingi leo. Halafu nikasikia ndala zake kwenye kokoto, maana ndala za mkeo unazijua, naye akaingia akiwa amevaa koti lake jeupe la maabara juu ya kanga, kama alivyokuwa akivaa akisahau kulivua. Uso wake ulikuwa umejaa, haukuwa ule wa siku za mwisho. Nikamuuliza mbona amechelewa. Alichukua sindano mkononi mwangu, akaichomeka kwenye kitambaa kama mtu anayesema pumzika, akatoka, nami nikamfuata.

Nje ya kibanda hapakuwa na barabara. Palikuwa na uwanda mpana chini ya milima yetu ya Uluguru, nyasi zimefyekwa, na mikeka imetandikwa mmoja baada ya mwingine mpaka macho yanachoka. Juu ya mikeka wameketi wanawake. Wengine nawajua, wa mtaani kwetu. Yule bibi mbishi yupo, ila ni kijana, na ana mtoto kifuani. Wengine siwajui, wamevaa nguo za zamani sana, na sura zao zina kitu cha Bi Kidawa na kitu cha mama yangu. Wote wananyonyesha. Hakuna anayesema. Kinachosikika ni pumzi za watoto tu, uwanda mzima, kama upepo unapopita kwenye mpunga.

Mwanaidi anapita katikati yao na vichupa vyake. Kila anapofika anainama, anaamkia, na mwanamke anampa tone. Mimi namfuata nikiwa nimebeba sinia, na vichupa vinaongezeka kwenye sinia, wala uzito wake hauongezeki. Namtazama anavyowainamia, wakubwa kwa wadogo, na mwili wangu unanisisimka kwa heshima ile ile niliyoipata siku ile ya mkeka. Najiambia: huyu ndiye mke wangu. Nilipewa mtu wa namna hii.

Halafu tuko maabara. Sijui tuliingiaje. Kigae cheupe kiko mbele yangu na hadubini iko pembeni, na nje ya dirisha wale wanawake bado wapo, mpaka mlimani. Mwanaidi anadondosha tone la kwanza, ananisogezea nitazame. Mimi sikuwahi kutazama kwenye hadubini maishani mwangu, lakini ndotoni najua. Ninaona kitu kinachometameta, kinazunguka, kimevaa joho la punje zinazong'aa kama chumvi juani. Ni kizuri, na najua ni kibaya. Na pembeni yake vinakuja vitu vidogo visivyo na uzuri wowote, vyenye mikono miwili miwili, bila haraka, kama mafundi waliozoea kazi. Vinashika joho lile. Kimoja kinashika hapa, kingine pale. Kile kinachometameta kinajaribu kwenda, kinashindwa, kinatulia.

Tone la pili, ni hivyo hivyo. La tatu, hivyo hivyo. Kwa wengine wale mafundi ni wengi, kwa wengine wachache, lakini wapo, na mikono yao ni ile ile, inashika pale pale.

Ndipo nikapata wazo. Nikamwambia, "Nionyeshe la kwako."

Akanisogezea sinia yote. "Litafute," akasema.

Nikalitafuta. Nilichukua kichupa kimoja kimoja, nikadondosha, nikatazama, nikaweka kando. Nilijua nitalitambua. Mtu hawezi kuishi na mwanamke, akala naye, akalia naye vitunguu, halafu asilitambue tone lake. Nikatazama mpaka jicho likauma. Niliona mafundi wale wale. Niliona mikono ile ile. Hakuna tone lililoniambia mimi ni Mwanaidi. Nikaanza kudondosha kwa pupa, vichupa vikaanguka, na nikajikuta nalia, nalia kwa sauti kama sikuwahi kulia hata makaburini, kwa sababu pale ndipo nilipokumbuka kwamba amekufa.

Yeye hakunizuia. Alinisogelea, akaweka kidole chini ya jicho langu akachukua chozi, akaliweka kwenye kigae, akaniinamisha kichwa nitazame.

Wamo. Hata kwenye chozi langu, wamo, wanashika.

Nikainua kichwa. Alikuwa ameshageuka, yuko kwenye beseni ananawa mikono mpaka kwenye viwiko, taratibu, kama alivyonawa siku zote akimaliza kazi. Nilitaka kumuuliza kama aliumia. Nilitaka kumuuliza yuko wapi, na nani anamwekea maji. Nikaweza moja tu. Nikamwambia kwamba nikimpa mtoto ya mwingine, yake yatakwisha.

Akajifuta mikono kwenye kanga. Akanitazama bila huzuni, kama anavyotazamwa mtu mzima anayeweza kuambiwa jambo.

"Yangu yameshafanya kazi yake, Shomari," akasema. "Kazi ya leo ni ya nani?"

Mtoto akalia. Nilisikia kilio chake kikitoka nje, miongoni mwa wale wanawake, nikakimbilia dirishani. Wote wameinua vichwa wananitazama, wamesogeza kanga zao, kila mmoja ameacha nafasi kifuani, kila mmoja anangoja. Nikageuka kumwita Mwanaidi aje aone. Beseni lilikuwapo, na maji yalikuwa bado yanatikisika.

Niliamka uso wote umelowa. Adhana ya alfajiri ilikuwa inaanza, na kilio nilichokisikia kilikuwa cha kweli, kinatoka chumbani, kimekuwa chembamba kama cha paka. Bi Kidawa alikuwa amesimama mlangoni, mtoto mikononi, ameshamfunga nguo za kwendea hospitali.

"Ulikuwa unamwita," akasema. "Amesema nini?"

Kama angeniuliza kama nimeota, ningesema ndiyo nikanyamaza. Lakini aliniuliza amesema nini, kama mama anayeulizia mwanawe aliyepita nyumbani bila kumsubiri. Nikamwambia neno kwa neno. Bi Kidawa aliketi kwenye mkono wa kochi. Alilia kidogo, bila sauti, akajipangusa kwa ncha ya mtandio. Kisha akasema ndivyo alivyokuwa tangu mdogo, ukimletea kilio anakuuliza swali.

Nikampokea mtoto. Nilimwambia hospitali tutakwenda kukishakucha, lakini kwanza tupitie hapa. Alishatangulia mlangoni.

Baba Idi alikuwa anatoka kwenda msikitini tulipofika mlangoni pao. Alituona, akanitazama usoni, akarudi ndani, na nikasikia akimwambia mkewe aamke. Tatu alitoka na kanga moja kifuani na nyingine kichwani, macho mekundu ya usingizi. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kuomba, na ya kuomba radhi kwa lile jibu nililompa mumewe. Hakunipa nafasi. Alinyoosha mikono.

"Mlete," akasema. "Ulikuwa unangoja nini, shemeji?"

Akaingia naye nyuma ya pazia, Bi Kidawa akamfuata. Mimi nikabaki kizingitini, maana si mahali pa mwanaume. Mwanzo nilisikia mtoto akihangaika, na Tatu akimsemesha, na Bi Kidawa akisoma Bismillahi kwa sauti ya chini. Mtoto alikuwa amechoka, hakujua kushika. Akashika akaachia. Akalia. Tatu akamwambia hakuna haraka, hata Idi alikuwa hivyo. Nilikuwa nimeuma kidole changu bila kujua.

Sikuweza kujua asubuhi ile kwamba daktari angefurahi tulipofika baadaye, wala kwamba kuhara kungechukua siku kadhaa kukoma kisha kusirudi. Sikujua kwamba mtoto huyu angekuja kunenepa mpaka kumshinda Idi, wala kwamba wawili hao wangejifunza kutembea kwa kushikana mashati, mmoja akianguka na kumwangusha mwenzake. Ningeambiwa nisingeamini. Nilikuwa mtu aliyekaa kwenye kizingiti cha watu, viatu mkononi, anasikiliza.

Nyuma ya pazia kukawa kimya. Kisha, taratibu, ikaja sauti ndogo, ikakatika, ikaja tena, ikapata mwendo wake. Rehema alikuwa anameza.